Waya Mwekundu wa Mpangaji

Benchi la kijiwe liliegemea kibanda cha kinyozi waliyemwita Wembe, na pembeni dada yake aliuza kahawa. Nyuma ya benchi taulo za Wembe zilikauka kwenye waya mwekundu, mpya kabisa. Jana, maji yalipokupwa, aliukuta umelala topeni, akauvuta, akausuuza chumvi, akamshukuru Mungu kwa riziki. Baadaye ndipo alipouona mlingoti aliousimamisha mpangaji wa dada yake ufukweni, na waya mwingine mwekundu ukitoka chini yake kuingia baharini. Akashikwa na aibu ya kuurudisha.

— Mtu na akili zake anatandaza waya majini? alianza Betri, fundi simu. Anavuta umeme yule.

— Baharini kuna umeme?

— Kuna samaki wanapiga shoti, Dada. Ukiwakusanya unawasha mtaa mzima.

— Simu yangu tu imekushinda, umeme wa samaki utauweza? alisema Hakimu, aliyefagia mahakama miaka mingi hadi akaanza kuongea kama hukumu. Ushahidi uko wazi. Mtu anajifungia, anataja herufi na namba, anarudia jina lake kama amelisahau. Anaita watu.

— Watu gani?

— Watakaokuja kwa chini ya maji.

Dada akaacha kumimina.

— Na chumba nimempa mimi. Kaka, wewe ndiye unayemnyoa. Nikimwambia afungashe leo, nitakuwa nimemdhulumu?

Wembe alitazama viatu vyake. Mpangaji akihama, nani atauulizia waya? Wazo lile lilimjia limevaa nguo safi, naye akalikaribisha.

— Mimi simsemi mtu, alisema. Ila akikaa kwenye kiti changu, redio inakwaruza.

Hilo alilitunga palepale, Mungu amsamehe.

— Sumaku, alisema Betri. Wameshampandikiza kichwani.

— Basi leo hii anahama, alisema Dada. Nina watoto ndani ya nyumba ile.

Hakimu alikuwa bado anatikisa kichwa mpangaji alipotokea, suruali ameikunja hadi magotini, chumvi imemkaukia miguuni.

— Habari za hapa, jamani.

— Umetega nini kule? aliuliza Dada, salamu akiiacha hewani.

— Antena ya redio, dada yangu. Kibali ninacho. Naongea na kaka yangu, yuko melini, mwezi wa ngapi huu sijamwona. Nyaya zikilala kwenye maji ya chumvi, sauti inafika mbali kuliko zikilala mchangani. Zilikuwa mbili. Tangu jana namsikia ananiita, namjibu, hanisikii. Anadhani nimepatwa na jambo.

Samaki wa Betri walikuwa wameishiwa umeme.

— Waya mmoja haupo, alisema mpangaji. Ninyi mnashinda hapa kutwa. Nani kauona?

Hakimu akakohoa. Betri akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Dada akainamisha birika amjazie mgeni. Likatoa tone moja, likanyamaza. Akaliweka chini, akageuka kutafuta kitambaa cha kufutia mkono, macho yake yakaishia kwenye taulo.

Wembe alikuwa ameshasimama. Alizianua moja moja, polepole, kama mtu anayetamani zingekuwa nyingi zaidi.