Mwanamke Mwenye Sanduku: Amerudi ama Anaenda?

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kahawa cha Abdisamad, ukitoka stendi ya Machakos ukielekea soko la mbuzi. Hapo hukaa Ndunda, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa kortini kama shahidi na akaongea mpaka hakimu akamsihi akae. Yuko Nzioka, dalali wa mbuzi, jina lake la benchi ni Tangi, kwa jinsi anavyokunywa kahawa. Na mimi Mbithi, nauza vitabu vya mitumba hapo kando. Jumanne nilikuja na kitabu cha michezo mifupi ya kuigiza. Riwaya nene nilishaziacha. Mchezo mfupi unaumaliza kahawa ikiwa bado moto: chumba kimoja, watu wawili, kurasa nane, na hakuna mwandishi wa kukunong'oneza nani anahisi nini. Sura za watu unajichorea mwenyewe. Nilitaka wenzangu waonje. Nilisahau kwamba Kavindu, mke wa Nzioka, alikuwa amekusanya nguo zake akaenda kwao Mwala mwezi uliopita, na kwamba hakuna mtu wa benchi aliyethubutu kulitaja jambo hilo.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mwanaume ameketi mezani anatengeneza redio. Mwanamke amesimama mlangoni, ameshika sanduku. Wanaongea juu ya chai, bati linalovuja na kuku wa jirani. Nzioka akachukua sehemu ya mume. Sehemu ya mke ikakosa mtu, hadi Ndunda alipojitolea, akakumbatia gunia langu la vitabu badala ya sanduku na kusimama kando ya jiko.

— Chai imepoa, — Ndunda akasoma kwa sauti nyembamba.

— Si uirudishe jikoni, — akajibu Nzioka bila kuinua uso, kama kitabu kilivyoagiza.

Wapita njia wakaanza kusimama. Mama mmoja wa ndizi akauliza Ndunda ameolewa lini. Ndunda, jasho likimtiririka, akasukuma mbele mpaka maneno ya mwisho:

— Mvua inakuja.

— Taa zinazimwa, — nikasoma.

Abdisamad ndiye tuliyempa kazi ya taa. Taa hana, na jua lilikuwa linawaka. Akachukua kitambaa cha kufutia vikombe, akamfunika Nzioka kichwa.

— Halafu? — Nzioka akauliza huko chini ya kitambaa.

— Imeisha, — nikamwambia.

— Imeisha aje? Huyo bibi amerudi ama anaenda?

— Haisemi.

— Fungua ukurasa ule mwingine.

— Huo ni mchezo mwingine. Wa kinyozi.

Ndunda akatupa gunia chini.

— Anaenda. Na niko na ushahidi. Hapa kwa mabano wameandika amevaa viatu vya safari. Nani anavaa viatu vya safari kukaa nyumbani?

— Mtu ametoka safari pia ako na viatu vya safari, — Nzioka akasema. — Amerudi. Ndio maana hajaweka sanduku chini. Amefika sasa hivi.

— Kurasa nane zote ni sasa hivi?

— Si ni mchezo mfupi!

Abdisamad akamimina kahawa, akatikisa kichwa.

— Mimi nimebeba mizigo tangu ujana. Mtu akishika kitu nzito anabadilisha mkono. Huyu mama hajabadilisha hata mara moja. Hiyo sanduku haina kitu ndani.

— Sasa anaenda wapi na sanduku tupu? — Ndunda akauliza.

— Anaenda kuijaza.

Ndunda hakupenda kupitwa. Akavuta benchi karibu, akashusha sauti.

— Wacha niwaambie ukweli. Huyo mama alikufa kitambo. Ndio maana chai inapoa. Chai ya marehemu haikai moto.

— Asi! Wakili! — Nzioka akamaka.

— Na sanduku? — nikauliza.

— Nguo zake za kuzikwa.

— Walahi hajakufa, — Abdisamad akapinga. — Ako ndani ya redio. Mwanaume anatengeneza nini? Redio. Sauti inatoka wapi? Kwa redio. Hiyo kitu ikipona tu, stesheni inahama, bibi amepotea.

— Na sanduku?

— Ni betri.

Nilicheka hadi nikamwaga kahawa kwenye suruali. Huu ndio utamu wa michezo hii, nikawaambia. Mwandishi angetujibu, tungefunga kitabu na kwenda zetu. Ametunyima jibu, sasa tumepata redio yenye mke ndani.

Nzioka hakucheka.

— Nyinyi mnacheza tu. Bibi amerudi. Chai imepoa kwa sababu bwana alikuwa anamngoja. Ameweka vikombe mbili hapo kwa meza.

— Vikombe mbili zimeandikwa wapi? — Ndunda akamuuliza.

— Haijaandikwa! Mimi najua!

Kila mmoja wetu akapata kitu cha kuangalia ndani ya kikombe chake.

Hapo ndipo mwanamke mmoja akasogea. Anaitwa Qaali, ananunua mbuzi kule Kithyoko na kuwaleta hapa sokoni, na siku hiyo alikuja kujaziwa chupa yake ya kahawa. Hajawahi kukaa na sisi. Alikuwa amesimama pale tangu taa zilipozimwa.

— Samahani wazee, — akasema. — Huyo bwana alimuuliza?

— Alimuuliza nini, mama? — Ndunda akamjibu kwa heshima.

— Si hii mnabishania. Umerudi ama unaenda. Alimuuliza?

Nikafungua kitabu upya. Mume aliuliza bisibisi iko wapi. Aliuliza kuku ni wa nani. Aliuliza nani amesogeza ndoo chini ya bati. Ndunda akaninyang'anya kitabu, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akanirudishia.

— Hakumuuliza, — nikasema.

— Kwa nini?

Ndunda akachukua kitabu tena, akafungua mchezo wa kinyozi.

Nzioka aliinuka, akaenda kusimama kando ya nguzo ya stima, simu sikioni. Huyo amezoea kupigia watu kelele sokoni, kwa hivyo kila neno tulilisikia.

— Kavindu. Ni mimi... Hapana, hakuna mtu amekufa... Mbuzi wako sawa... Nilikuwa nataka kukuuliza kitu. Ulienda kwa nini?

Nimemjua Nzioka miaka mingi, na sijawahi kuona mtu akimaliza sentensi mbele yake. Sasa alisikiliza mpaka Ndunda akachoka kujifanya anasoma mchezo wa kinyozi. Wakati mmoja alisema, "Hiyo sikujua." Baadaye akageuka, akatupa mgongo, mabega yakashuka.

Qaali akanyoosha chupa yake. Abdisamad akalipindua birika. Likatoa matone machache na kipande cha tangawizi.

— Imeisha, mama.

— Jumamosi nakuja Mwala, — Nzioka alikuwa akisema kule kwenye nguzo. — Hapana, si kukuchukua. Kuongea tu... Ee. Niko hapa. Endelea.