Wasifu wa Marehemu Mardhiya Abdullatif, Aliyejulikana Mtandaoni kwa Jina la Binti Chanja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wakubwa zangu shikamooni. Karatasi ya hitma hii mliyogawiwa mlangoni ilichapwa Alhamisi, na tangu Alhamisi mambo yamebadilika. Aya za mwanzo ni sahihi. Aya ya mwisho si sahihi tena, kwa hiyo tukifika hapo ikunjeni karatasi mnisikilize mimi. Ninayesoma ni Msabaha Shuaibu, mjomba wa marehemu, tumbo moja na mama yake. Nimepewa kazi hii kwa sababu nimezoea kusoma mihtasari ya vikao vya msikiti. Vikao hivyo vina ubishi wake, lakini havijawahi kunichanganya kichwa kama haya niliyoyaona tangu msiba huu uanze.

Marehemu Mardhiya alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1987, Dunda, hapa Bagamoyo mjini. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Abdullatif Bwanausi, mfanyabiashara wa nazi, na Bi Mina binti Shuaibu, ambaye tunaye hapa, amekaa ndani na akina mama wenzake. Aliyemtangulia kuzaliwa ni kaka yake, Sufiani. Siku ya arobaini ya uzazi, mtoto alilia tangu wageni wa kwanza walipoingia mpaka sufuria za mwisho zilipooshwa, na marehemu mama yetu akasema huyu pumzi hatapungukiwa maishani. Sisi tulicheka. Tulikuwa bado hatujapata usingizi kwa wiki kadhaa.

Elimu ya dini aliipata kwa Bi Fatu, chuoni, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Shule ya msingi alisoma hapahapa mjini kuanzia mwaka 1995 hadi 2001, akaendelea na sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 2005. Walimu walimsifu kwa usafi na kwa hesabu. Bi Fatu alimsifu kwa sauti, na hapo lipo jambo ambalo wengi wenu mlilishuhudia. Katika Maulidi ya akina mama, mwaka 1996, kila mtoto alipewa ubeti mmoja wa kasida. Zamu ya Mardhiya ilipofika, umeme ukakatika na kipaza sauti kikanyamaza. Wenziwe walikaa chini wakisubiri. Yeye aliendelea. Alimaliza ubeti wake, akachukua wa jirani yake, akachukua na wa yule mwingine, hadi umeme ukarudi ukamkuta anafunga dua. Bi Fatu akamwambia, "Mwanangu, na wenzio umewaachia nini?" Akajibu kwa adabu kabisa, "Wao wasome tena, mwalimu. Hakuna aliyechoka."

Mwaka 2006 marehemu alisoma Mbegani mafunzo ya kuhifadhi na kusindika samaki, akapata cheti. Alipomaliza hakutafuta ajira. Alijenga chanja ya miti uani kwa mama yake, akawa anakausha juu yake samaki na kamba aliowafuata Saadani, na wateja wake walitoka hadi Dar es Salaam. Wateja walimpenda kwa kuwa samaki wake hawakuwa na mchanga. Sisi nduguze tulimlalamikia kwa kuwa uani hapakukalika kwa harufu, na kila tulipolalamika alituletea sahani, tukanyamaza. Ni hapo kwenye chanja ndipo alipokuwa akiimba. Aliimba akipasua samaki, aliimba akiwageuza, na nyimbo alizitunga mwenyewe, juu ya mambo tunayoyajua sote: mvua inayokuja kamba hawajakauka, jirani anayeazima kinu asikirudishe, mke anayemngoja mume na chakula kinapoa.

Tarehe 14 Machi 2009 aliolewa na Bwana Adamu wa Makurunge, dereva wa trekta na mkulima. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Samia aliyezaliwa mwaka 2010 na Muharami aliyezaliwa 2014. Ndoa yao ilikuwa ya masikilizano. Bwana Adamu alikuwa akirudi shamba anapitia uani kwa mama mkwe, anakaa kwenye kigoda karibu na chanja, anadai anafukuza paka. Paka walipita mbele yake. Alikuwa anasikiliza.

Sasa naingia kwenye sehemu ambayo mimi mwenyewe siielewi vizuri, mtanisamehe. Mwaka 2019, Nadhira, jirani yetu mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, alimsikia marehemu akiimba, akamwambia arekodi. Bwana Adamu aliulizwa ruhusa. Alikubali kwa sharti moja, uso wa mkewe usionekane. Kwa hiyo walikuwa wanaweka simu juu ya ndoo, inapiga picha mikono yake ikigeuza samaki, na yeye anaimba. Nadhira alitia vinanda baadaye kwa kompyuta, wakazipeleka nyimbo mtandaoni kwa jina la Binti Chanja. Nilimuuliza Nadhira, mtandaoni ni wapi hasa? Akasema, "Mjomba, ni kila mahali." Nikamwambia anijibu kama mtu mzima anavyojibiwa. Akasema ndiyo hivyo, mjomba, hakuna jibu jingine.

Marehemu hakuwa na kampuni wala meneja. Kazi ya kuzitangaza nyimbo aliifanya mwenyewe, na aliifanya kama alivyouza samaki, mtu kwa mtu. Aliwatumia wapiga muziki wa harusi. Aliwapa vijana wa bodaboda wenye redio kubwa. Aliweka kipande cha wimbo kwenye simu yake asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda kazini, na kila aliyemwandikia alimjibu, mkono mmoja ukiwa na simu na mwingine una magamba. Walikuja mabwana kutoka Dar es Salaam na mkataba wa kumsimamia. Walitaka aonyeshe uso na abadilishe zile nyimbo za kinu na kamba. Aliwakaribisha chakula, wakala, akawashukuru kwa kuja, akawafungia kamba wa kwenda nao. Mkataba waliondoka nao vilevile. Hata leo sijajua kama alikosea. Yeye hakuonyesha kujuta.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alianza kulalamika uvimbe kwenye titi. Alipelekwa hospitali Dar es Salaam, ikaonekana ni saratani. Januari alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani, tukadhani yamekwisha. Mwezi Aprili hali ikabadilika akarudishwa wodini. Madaktari walitueleza mengi na kwa upole, na kila tulipotoka nje tuliulizana wamesema nini, kila mmoja akawa na lake. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, alfajiri, mumewe na mama yake wakiwa karibu. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo karatasi yenu na mimi tunapoachana.

Bwana Adamu alikuwa na dhana moja ambayo, kusema kweli, na mimi nilikuwa nayo. Tulidhani zile nyimbo zinakaa huko kwa nguvu ya bando lake. Simu isipotiwa bando, nyimbo zinakwisha zenyewe, kama taa inavyokwisha mafuta. Kwa hiyo baada ya mazishi Bwana Adamu aliiweka simu ya mkewe kabatini, bando likaisha, akasubiri. Siku chache baadaye tuko matangani, wanaume barazani na wanawake mkekani, bodaboda ikapita barabarani na Mardhiya anaimba ndani yake, wimbo wa mvua na kamba. Kule ndani kilio kikaanza upya. Bwana Adamu alisimama na viatu visivyolingana, akaifuata ile bodaboda hadi kona, akarudi amechanganyikiwa. Aliniambia, "Mjomba, si limekwisha bando?"

Nadhira ndiye aliyetueleza. Nyimbo hazikwishi, bando liwepo lisiwepo. Zimezidi kusikilizwa, kwa sababu mtu wa harusi fulani alipiga mmoja, ukasambaa. Watu wa Lindi, wa Maskati, wa Kongo wanaandika kila siku, "Binti Chanja, dada, toa nyingine." Hawajui. Kwa kuwa hawakuijua sura yake wala jina lake, hakuna wa kuwaambia. Nadhira akaniuliza, "Mjomba, niwajibu nini?" Nikamwambia asubiri.

Bwana Adamu tangu siku ile hakulala vizuri. Alisema mbele yetu sote, "Mimi ndiye niliyemruhusu. Niliruhusu nikijua ni kitu cha kupita. Kumbe nimemfungulia mlango usiofungika. Yuko peke yake kule kaburini, na kila anayebonyeza, yeye anaandikiwa nini, thawabu au dhambi? Zifuteni." Sufiani, kaka wa marehemu, akamwambia, "Shemeji, hizo ndizo jasho lake. Ukizifuta atabaki na nini hapa duniani?" Wote wawili walikuwa wanalia, na wote wawili walinitazama mimi. Nilikwenda kwa sheikh. Alinijibu kwa kirefu, nikaona nimeelewa. Nilipofika nyumbani nikaulizwa amesemaje, nikajua sikuelewa. Mwishowe tulikubaliana kumsikiliza mume. Ndiyo maana aya ya mwisho ya karatasi yenu inasema nyimbo zote zitafutwa baada ya hitma hii.

Jana, Jumamosi, baada ya Alasiri, Nadhira alikuja na simu aonyeshe namna ya kuzifuta. Alituonya, "Kufuta ni kubonyeza tu. Kuzirudisha ndiyo haiwezekani." Dada yangu Bi Mina akatoka ndani. Alikuwa hajawahi kuzisikiliza kwenye simu. Siku zote akiambiwa, anasema yeye anazisikia bure uani. Akasema, "Kabla hamjazifuta, niwekeeni nizisikie."

Tukakaa. Zikapita mbili, tatu. Ukaja wimbo mmoja ambao Nadhira alisema waliurekodi mchana uani na hakuwahi kuusafisha, kwa sababu watu waliupenda vilevile ulivyo. Mardhiya anaimba, samaki wanasikika wakigeuzwa. Katikati ya ubeti, sauti kutoka jikoni ikaita, "Mardhiyaaa!" Ilikuwa sauti ya mama yake. Na Mardhiya, bila kuharibu wimbo, akaitika, "Abee mama!" kisha akaendelea kuimba.

Bi Mina akasema, "Rudisha."

Nadhira akarudisha. Tukasikia tena, mama anaita, mtoto anaitika. Akasema rudisha, na baada ya hapo rudisha tena. Kisha akatutazama. "Mkizifuta hizi, nikimwita ataniitika nani?"

 Bwana Adamu alitoka nje, akarudi amenawa uso. Akasema, "Mama, si kwamba mimi sizipendi. Namwogopea."

"Najua, mwanangu. Na mimi namwogopea." Kisha akatuuliza sisi tuliokwenda kuzika, "Siku ya mazishi, mlipomaliza kufukia, sheikh alimwita kwa jina gani?"

Nikamjibu mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu. Kwenye talakini, anayosomewa maiti akishafukiwa, huitwa kwa jina la mama yake. Aliitwa Mardhiya binti Mina.

"Basi waandikieni hao watu. Wao wanamjua Binti Chanja. Binti Chanja ataombewa na nani? Waandikieni kuwa kafa, na waandikieni jina lililoitwa kaburini. Liwekwe juu, kabla ya wimbo. Anayetaka kumsikiliza aanze kumwombea."

Bwana Adamu akauliza polepole, kama mtu anayepiga hesabu asiyoiamini, "Kila anayebonyeza?"

"Kila anayebonyeza."

Akakaa kwenye kile kigoda chake, akasema, "Basi aandike."

Hivyo ndivyo familia ilivyoamua. Mimi sijui mambo haya yanapimwaje mbele ya Mola, na yeyote atakayeniuliza baada ya hitma nitamwelekeza kwa sheikh, ambaye asubuhi hii ameyasoma maneno yaliyoandikwa, akasema dua haina hasara. Nilipomtazama shemeji yenu Bwana Adamu leo, kwa mara ya kwanza tangu Mei nimemwona amekula sahani yake akaimaliza. Hilo nimelielewa.

Marehemu ameacha mama yake, Bi Mina. Mume wake, Bwana Adamu. Watoto wake, Samia na Muharami. Kaka yake, Sufiani. Mimi mjomba wake. Na ukoo wa Bwanausi na wa Shuaibu hapa Bagamoyo na Pangani. Ameacha pia watu wengine ambao sijui niwaandike kama jamaa, marafiki au wateja. Nadhira amesimama pale na simu yake, na ameniambia wanaweza kunisikia. Kwa hiyo nimalizie nao.

Nyinyi mnaomwandikia kila asubuhi kwamba atoe nyingine: nyingine hakuna. Mnayemwita Binti Chanja amefariki. Alikuwa mtoto wetu, na jina lake ni Mardhiya binti Mina. Sisi tumemwombea hapa tuliko. Nanyi huko kila mahali, mwombeeni.

Mwenyezi Mungu amrehemu, ampanulie kaburi lake, ampe mapumziko mema. Amina.