Mama Makochi, Aliyeulinda Moyo wa Mwalimu

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Makochi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akamaliza shule ya msingi mwaka 1980, kisha akaingia chuo cha ufundi, akiwa msichana pekee katika darasa la useremala, na mwaka 1985 akaanza kutengeneza makochi, kazi aliyoifanya mpaka siku alipougua.

Alifunga ndoa tarehe 14 Julai 1990 na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, aliyefika karakanani kulalamikia kiti kilichocheleweshwa, akarudi siku ya pili bila malalamiko yoyote, na Mungu akawajalia mabinti wawili, ambao wako hapa mbele yetu.

Mwezi Septemba 2017 shemeji alianguka darasani kwa mshtuko wa moyo, akapona, lakini siku ya kuruhusiwa daktari wa moyo aliwaketisha wote wawili, akapima umri wake, sukari yake na nguvu ya moyo iliyobaki, akawaambia kwamba kati ya wagonjwa kumi wa namna hiyo, watatu hupigwa tena kabla miaka mingi haijapita. Shemeji, kwa ualimu wake, akasema, "Basi mimi nimo katika wale saba." Dada akamjibu, "Na wale watatu walisema hivyohivyo."

Tangu hapo dada hakutulia. Chumvi aliificha hata yeye mwenyewe akasahau alipoiweka, simu ya shemeji isipopokelewa aliacha nyundo na kwenda shuleni na aproni yake, na shemeji akiingia kuoga ilimlazimu aimbe, maana dada alimwambia, "Ukinyamaza navunja mlango," na majirani ni mashahidi kwamba sauti ya shemeji si ya kuimbia watu. Tulimtania, naye alicheka, lakini jicho halikumtoka mumewe.

Kliniki hakukosa hata mara moja, akikaa benchi la pembeni na mkoba wa dawa mapajani. Muuguzi mmoja alimwomba ampime naye presha, akakataa akisema, "Mgonjwa ni huyu, mimi nimemsindikiza tu." Kichwa kikimgonga alilaumu gundi ya makochi, na sisi, macho yetu yote yakiwa kwa shemeji, tukailaumu gundi pamoja naye.

Asubuhi ya tarehe 3 Juni mwaka huu, akiwa karakanani, nyundo ilimponyoka, mdomo ukaenda upande, na maneno yakakataa kutoka. Fundi wa jirani alimkimbiza hospitali, ikaonekana ni kiharusi, damu imevuja kwenye ubongo, na daktari akatueleza waziwazi kwamba kwa ukubwa wa damu ile na presha aliyofika nayo, matumaini yalikuwa madogo. Mwalimu wa hesabu hakuuliza ni wangapi kati ya kumi. Aliuliza tu, "Ananisikia?" Daktari akasema, "Zungumza naye," naye akazungumza, akimshika mkono, hadi dada alipokata roho mchana wa tarehe 6 Juni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakutudanganya wala kututupa, fundi wa jirani aliyefunga kazi yake kwa ajili yetu, walimu wenzake shemeji, na majirani ambao hadi sasa milango yao iko wazi kwetu. Tunawaomba pia, mnaowauguza wenzenu, mkubali kupimwa.

Dada, tunajua kinachokutia hofu hata hapo ulipo. Shemeji amekunywa dawa zake leo, tumemwona kwa macho yetu, na kesho tutamwona. Pumzika sasa kwa amani ambayo ulimpa yeye yote, wewe hukujibakishia.