Miaka Ishirini na Tisa ya Upendeleo Wenye Sababu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mama Upendeleo anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi. Hakulipinga, alitaka tu lielezwe kwa usahihi. Basi na lielezwe.

Kompaila, ile programu inayofasiri maandishi yetu sisi waandishi wa programu yawe lugha ya mashine, kwa nadharia haina ndugu wala rafiki. Kwa vitendo inao. Amri chache za maktaba sanifu, yaani zile zinazokuja na lugha ya kuandikia programu yenyewe, inazijua kwa majina na kuzipitisha njia ya mkato. Orodha ya amri hizo aliilinda Mama. Shemeji yake, mhandisi wa ghorofa ya pili, alipoleta amri yake iingizwe humo akiwa na tabasamu tupu, aliambiwa mbele yetu: "Shemeji, undugu tutaula nyumbani. Hapa nionyeshe vipimo vya kasi." Shemeji alirudi na vipimo. Vilikuwa vibaya.

Kosa lake moja linastahili kumbukumbu. Aliifundisha kompaila kwamba popote ikiona mtu ananakili data baiti moja moja, yaani kipande kidogo kidogo, kwa mkono, ifute kazi hiyo na badala yake iite amri ya kunakili. Kisha akaiandika upya amri ya kunakili yenyewe: baiti moja moja, kwa mkono. Kompaila, tiifu kuliko sisi sote, ikatekeleza hata ndani ya amri hiyo hiyo. Amri ikawa inajiita, inajiita, hadi programu ikaanguka.

Ilikuwa Jumatano. Jumatatu iliyofuata mteja ambaye pampu zake za maji zingeendeshwa na programu yetu angekuja kukagua. Tukishindwa, idara ingefungwa. Siku nzima Mama alilaumu umeme, kompyuta na, kwa kirefu zaidi, mimi. Ijumaa saa tano asubuhi alitoka ofisini akatangaza: "Jamani, nimeajiri mlinzi, kanikamata mimi mwenyewe mlangoni kwangu!" Akaongeza mstari mmoja wa kuiambia kompaila kwamba ndani ya amri ya kunakili isimsaidie. Jumatatu pampu zilivuta maji.

Angeweza kunyamaza. Lawama zilikuwa zimeshanikaa vizuri, hata mimi nilianza kuziamini. Badala yake aliliandika kosa hilo kwenye mwongozo wa idara, kwa jina lake kamili na tarehe, akanipa nilihakiki. Idara bado ipo. Nami pia.

Kwa hilo, Mama, ahsante. Maisha mema yakufuate nyumbani, na simu zetu zikuache upumzike, angalau wiki ya kwanza.