Gari la Obitre Lililolala Ombaci

Katika teksi ya kwenda Koboko, Driciru, abiria wa kiti cha nyuma, alijifanya kutazama nje, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Huko kijana mmoja, Obitre, alikuwa akimsimulia mama asiyemjua kwamba gari lake dogo la mbio, limeharibika na kulala huko Ombaci, na sasa anakwenda kupatana na mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Injini imekufa, mama. Nikikanyaga mafuta inalia sana, lakini gari haiendi."

"Kitu imekufa iko nalia namna gani?" akauliza yule mama, Mariam Poni, mjane wa dereva wa jeshi.

Driciru akameza kicheko.

"Kwa mlima iko nanuka kuungua?"

"Sana!"

"Hiyo klachi iko nateleza. Mguu ya kushoto unaweka wapi ukiendesha?"

"Juu ya pedali ya klachi. Iwe tayari, kama watu ya mashindano."

"Ndiyo umeikula, mutoto yangu! Vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, achia klachi polepole. Ikizima, nimekosea. Isipozima, badilisha klachi, gari itakimbia."

Teksi ikasimama Koboko. Mnunuzi alikuwa ameshafika, anapunga mkono. Obitre hakushuka.

"Mama," akasema, "gia ya tatu, siyo?"