Mzee Eliakim Nkya: Fundi Aliyenyoosha Mgongo na Kurudisha Neno Lake

Marehemu Eliakim Ebenezeri Nkya alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 hapa Masama, wilayani Hai, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ebenezeri na Mama Eliona. Alibatizwa mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1962.

Alisoma hapa kijijini hadi darasa la nane mwaka 1963, kisha akajifunza uashi mjini Moshi kwa miaka miwili. Hesabu za kuandika zilimshinda. Za kupima kwa jicho hakuna aliyemshinda.

Kwa zaidi ya miaka arobaini alijenga kwa mawe: nyumba na mazizi huku juu, mifereji ya mashamba ya mpunga kule Chekereni. Akimaliza ukuta aliupiga ngumi, akamwambia mwenye nyumba, "Huu utakuzika." Hakuna ukuta wake tunaoujua ulioanguka.

Jumamosi tarehe 8 Septemba 1973 alifunga ndoa na Mama Eunike. Mungu aliwajalia watoto wanne: Sifael, Victoria, Yohana na Goodness. Mwaka 1994 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akatumikia kwa miaka ishirini na mitano.

Lipo jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe leo, tena lisipunguzwe.

Jirani yetu Gladys Kimaro, ambaye wengi mnamwita Mama Tito, alifanya kazi miaka kumi na miwili kwa familia ya Kihindi mjini Moshi, na bibi wa nyumba ile akamfundisha yoga. Aliporudi, alianza kuwafundisha akina mama walioumia migongo kwa kubeba majani ya ng'ombe. Walikutana katika ukumbi wa usharika. Februari 2013 marehemu alisimama baada ya ibada akasema hayo ni maombi ya miungu mingine, na kwamba zoezi linaloitwa nyoka halitafanyika katika nyumba ya Bwana. Ukumbi ukafungwa. Gladys alitoka analia, na kwa miaka mitatu alikwenda kusali usharika wa jirani, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Juni 2016, akiinua jiwe la msingi, mgongo ulimkamata marehemu. Hakuweza hata kuvaa viatu. Hospitalini mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimlaza kifudifudi, akamwambia ainue kifua taratibu kwa mikono.

"Hili zoezi linaitwaje?" marehemu aliuliza.

"Wengine huliita nyoka, mzee."



Wiki iliyofuata alijikongoja na fimbo hadi kwa Gladys.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Tito. Nimekuja unifundishe."

Gladys hakumpa kiti. "Mzee, uliniondoa mbele ya watu. Nirudishe mbele ya watu, ndipo nikufundishe."

"Na huu mgongo utangoja?"

"Mimi nimengoja miaka mitatu."

Jumapili tarehe 17 Julai, wakati wa matangazo, marehemu alisimama ameshika benchi. Alisema, "Nilihukumu jambo nisilolijua. Sikumuuliza Mama Tito hata swali moja. Mimi nilikosea, yeye hakukosea. Namwomba msamaha, na naomba ukumbi ufunguliwe." Gladys alikuwepo, ameketi nyuma kabisa, maana Mama Eunike alikuwa amekwenda kumwita mwenyewe. Gladys alitembea hadi mbele, akampa marehemu mkono, akasema, "Njoo kesho. Ila usije umeshiba."

Kwa kuwa marehemu hakuweza kulala chini na kuinuka, Gladys alimbadilishia mazoezi. Zoezi la nyoka alilifanya amesimama, viganja ukutani. La paka, yaani kukunja na kunyoosha mgongo, alilifanya amekaa kitini. Baada ya miezi akaweza kulaza mgongo sakafuni, miguu ikiwa juu ya benchi. Ufundi haukumtoka: alipima kimo cha kila bibi wa darasa, akamtengenezea kigoda chake. Gladys alimweleza pia Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi inayotafuta mizani ya upepo, moto na maji mwilini: chakula cha moto kwa wakati wake, tangawizi, kukandwa kwa mafuta ya ufuta. Marehemu alizoea kula shambani kiburu cha jana, ndizi zilizopikwa na maharage, kimepoa. "Hayo ya upepo na moto mwilini sijayaelewa," alisema, "ila kiburu cha moto nimekielewa sana." Dawa za hospitali hakuziacha, wala Gladys asingemruhusu. Kufikia Pasaka ya 2017 fimbo alikuwa ameiweka kando.

Novemba 2023 alianza kuugua moyo. Hata hivyo, mwezi Machi mwaka huu bado alifika ukumbini, akakaa na kusahihisha wenzake: "Mzee Filemon, mabega chini!" Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa tatu asubuhi, katika hospitali mjini Moshi, Mama Eunike akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Ameacha pia darasa la watu thelathini na mmoja, linalokutana kila Jumatatu na Alhamisi. Aliagiza lisisimame kwa ajili ya msiba wake zaidi ya wiki moja, na Mama Tito amekubali.

Bwana ampokee mtumishi wake, na mwili huu uliofanya kazi nyingi upumzike salama.