Ebenyo Aukot, Aliyetafuta Habari ya Kutangulia Mwanga

Mchungaji, Mama, walimu, majirani wa Lodwar na wageni wetu kutoka Kakuma, ejok, hamjambo, mimi ni Ekiru Aukot, pacha wa marehemu, na ninyi ambao tangu asubuhi mnaangalia jeneza halafu mnaniangalia mimi mnashtuka, poleni, sura hii sikuichagua. Juzi Mama aliniuliza mbele ya watu kama nilisikia chochote mwilini saa ndugu yangu alipokata roho, leo nitamjibu.

Mwalimu Ebenyo alizaliwa tarehe 12 Agosti 1974 huko Katilu, akanitangulia kidogo, na hakuacha kunikumbusha. Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa kurusha viatu vyake vya ngozi na kusoma jinsi vilivyoanguka, kama ramli, watu wakija kuulizia mifugo na jamaa walio mbali, na Ebenyo alikaa hapo akishangaa habari inafikaje bila mtu kutembea.

Alisoma shule ya msingi Katilu kuanzia 1982 hadi 1989, sekondari hapa Lodwar hadi 1993, kisha fizikia chuo kikuu huko Eldoret, 1995 hadi 1999, na ndiko alikokutana na chembe mbili za mwanga zilizozaliwa pamoja, ukiipima moja hapa, ya pili inakubaliana nayo papo hapo, hata ikiwa upande mwingine wa dunia. Krismasi ya 1997 alimwahidi Mama kwamba atamtumia salamu zitakazofika kabla ya mwanga wenyewe, akarudi chuoni, mhadhiri wake akamuuliza swali moja tu, kwani ni wewe unayeamua chembe ijibu nini, na likizo iliyofuata hata maziwa hakuomba.

Alianza kufundisha Lodwar mwaka 2000, akamwoa Nakaale tarehe 6 Desemba 2003 kanisani Kakuma, wakajaliwa binti yao Atabo mwaka 2005. Malual, aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuja kusoma kwake, yuko hapa, atawaambia jinsi Mwalimu alivyompa kiatu kimoja cha baba, akabaki na cha pili, akasema tuseme viatu hivi hukubaliana daima, kimoja kikilala chali, kingine nacho chali, sasa mimi nikiwa Lodwar na wewe Kakuma, nitakwambia nini kwa kiatu? Hata neno moja haliendi, kwa sababu hakuna awezaye kukiamuru kiatu kilale vipi, kila mmoja anaona chake tu, na huko kukubaliana hakuonekani mpaka wawili wakutane walinganishe.

Mwaka 2011 mimi huko Lopur na yeye hapa tulinyoa ndevu wiki moja bila kuambiana, tukakutana kwa Mama na videvu vitupu, Mama akapiga makofi. Ebenyo akasema sisi tulitoka na majibu yetu tumboni mwa Mama, lakini zile chembe hazikubeba jibu lolote kutoka nyumbani, majaribio yameonyesha hivyo, na bado zinakubaliana, akatikisa kichwa, machozi yakamlengalenga, na mimi mchunga mbuzi nikasisimka mwili, hata sasa nasisimka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akafariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi, hapa Lodwar. Mama, saa hiyo nilikuwa Lopur nashika mbuzi wachanjwe, nikimtania daktari wa mifugo, nikicheka, sikusikia kitu, mpaka adhuhuri nilipopanda kilima kutafuta mtandao na simu ya Nakaale ikaingia. Ningekuambia ndiyo ungelala vizuri, najua, lakini mwanao alifundisha maisha yake yote kwamba hakuna habari inayotangulia mwanga, na siwezi kumfanya mwongo siku ya kumzika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu bila kuchoka, majirani waliotuletea maji na kuni, walimu wenzake, na Malual aliyesafiri usiku na wenzake kutoka Kalobeyei, jirani na Kakuma.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Kiatu kimoja cha baba nimekiweka humo ubavuni mwako, kingine, alichokirudisha Malual, ninacho mimi, tukikutana tutalinganisha.